Tumemcheka mrembo kwa Kiingereza chake, sasa wanafunzi wangu wamefunga midomo

MwalimuWete (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi. Nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo hili limenikaa rohoni siku ya nne leo.

Mnakijua kile kipande cha video cha mrembo mwenye taji, aliyehojiwa kwa Kiingereza akababaika. Jina lake silitaji, na nanyi nawaomba msilitaje, limeshatajwa vya kutosha. Kwangu kimefika mara sita: kundi la familia, kundi la walimu, kundi la mambo ya maziko la mtaani kwetu, na waliobaki ni wanafunzi wangu wa zamani walioko Unguja. Kila kilipofika kimefika na vicheko. Anaulizwa swali, anaanza vizuri, neno linamkimbia, anarudi mwanzo, anachanganya lililopita na lililopo, mwisho anatabasamu na kunyamaza. Haifiki dakika moja. Ndilo kosa lote hilo.

Mara ya kwanza na mimi nilicheka. Nikampelekea dada yangu aliyeko Chake Chake, nikaendelea kumenya muhogo.

Jumatatu nikaingia kidato cha tatu. Nasomesha Kiingereza, na kila mwezi tuna mdahalo. Msemaji wa kwanza nilikuwa nimeshampanga, msichana mmoja ambaye mama yake analima mwani. Insha zake nikizishika, peni nyekundu haina kazi. Nilipomwita akasimama, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, tafuta mwengine. Mimi nisije nikawa kama yule."

Nikauliza yule nani. Darasa zima likaangua kicheko. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Siku ya pili wakaja wengine watatu kujitoa, wote wasichana. Wavulana hakujitoa hata mmoja, na wamo wasioweza kuunganisha sentensi mbili za Kiingereza. Hapo ndipo kicheko changu kiliponirudia.

Naona tumefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Mmoja ni lugha yake, mwengine ni tabia yake. Watu wanasema "hajui Kiingereza na hana adabu" kwa pumzi moja, kama kwamba la kwanza ni ushahidi wa la pili. Naomba tuifungue kamba.

Mzigo wa lugha kwanza. Wanaosema taji la urembo haliendi kwa asiyejua Kiingereza hawafuatilii mashindano wanayoyasemea. Mwaka 2011, Miss Universe ilipofanyika São Paulo, taji lilikwenda kwa Leila Lopes wa Angola. Swali lake la mwisho alilijibu kwa Kireno, mkalimani akatafsiri. Mwafrika mwenzetu huyo, na hakuna aliyemwambia arudi kwao akajifunze kwanza. Kwenye Miss Universe ya 2014 Paulina Vega wa Colombia alijibu kwa Kihispania, akashinda. Mkalimani yupo pale kwa kazi hiyo.

Na iko habari ya Miss Universe ya Bangkok, Disemba 2018, ambayo ingefaa kila aliyekisambaza kile kipande aijue. Mrembo wa Marekani, Sarah Rose Summers, alirekodiwa akiwasema wenziwe wawili, H'Hen Niê wa Vietnam na Rern Sinat wa Cambodia, kuhusu Kiingereza chao. Dunia ikaja juu. Anayezungumza Kiingereza cha kuzaliwa nacho ndiye aliyeomba radhi mbele ya watu. H'Hen Niê, mtoto wa kabila dogo la Ê Đê, alijibu jukwaani kwa lugha ya nchi yake na akaingia tano bora. Aliyemsema aliishia ishirini bora. Kule aliyeshtakiwa kwa tabia ni aliyecheka. Kwetu tumemshtaki aliyechekwa.

Nakusikilizeni.

Kikwajuni_Juu

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Hakuburutwa. Alijaza fomu, akapanda jukwaani, akavishwa taji, na alijua atahojiwa. Nancy Sumari alikwenda Sanya, China, mwaka 2005 akarudi na taji la Miss World Afrika. Flaviana Matata mwaka 2007 kaingia kumi bora ya Miss Universe kule Mexico, kichwa amekinyoa, hana wasiwasi. Kwa nini hao waliweza?

Halafu visiwa hivi vinakula kwa utalii. Nenda Nungwi, nenda Paje, nani anakuajiri bila ya Kiingereza? Na wewe mwenyewe unalipwa mshahara kwa kusomesha hicho hicho, sasa unatuambia si kitu?

MwalimuWete

Kaka yangu, sikusema si kitu. Kingekuwa si kitu nisingeamka saa kumi na moja kila siku kwenda kukisomesha. Ninachosema ni kwamba kutokijua si aibu. Nancy Sumari na Flaviana Matata walijiandaa na wakaandaliwa, na sifa zao haziondoki. Ila sifa ya mmoja haijawa hukumu ya mwengine.

Umenitajia Nungwi, na mimi nakupeleka Kiwengwa. Wako vijana pale wanazungumza Kitaliano walichokiokota ufukweni. Sarufi haina kichwa wala miguu, mambo yote yako wakati mmoja, na mikono ndiyo inayomalizia sentensi. Umewahi kuona mtu anawarekodi ili awacheke? Twasema "huyu mjanja, kajifunza bila ya skuli." Na mgeni akisimama Darajani akasema "mimi nataka kwenda soko," muuza ndizi anampigia makofi na kumpunguzia bei. Lugha mbovu tunaifurahia kwa mgeni, tunaisifu kwa mwanamme, ila mwanamke aliyevaa taji tunaifanya mahakama. Nitafutie sababu ya hilo nje ya uanamke wake, mimi nimeikosa.

Mkoani_Bandarini

Mnahangaika na matawi. Shina ni haya mashindano yenyewe. Mtoto wa kike kutembezwa mbele ya wanaume apimwe mwendo na umbo, kisha tukae tuulizane Kiingereza chake? Sisi Waislamu hata mada hii ingetupita. Akichekwa, ndiyo malipo ya alilolifuata.

MwalimuWete

Sheikh wangu, kuhusu mashindano yenyewe hatupingani. Binti yangu simpeleki, na akiniomba nitamkataza. Tena hata Tanzania ilifika mahali ikayapiga marufuku mwishoni mwa miaka ya sitini, yasirudi mpaka 1994, na waliofanya hivyo hawakuwa Waislamu peke yao.

Lakini "malipo ya alilolifuata" nakuomba uliangalie tena. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kuwacheka watu wengine, kisha inarudi kuwataja wanawake kwa wanawake, kwani huenda wanaochekwa wakawa bora kuliko wanaocheka. Haikusema "isipokuwa akiwa kavaa taji." Aya inayofuata ndiyo ya kusengenyana. Mwenye kuyachukia mashindano, na mimi nimo, ana haki ya kuyakataza na kuyasemea msikitini na barazani. Kumsambaza binti wa watu simu kwa simu halikatazi jambo. Linazidisha wanaomtazama, tena majumbani ambamo shindano lenyewe lisingeingia.

Mkoani_Bandarini

Hili la aya nimelipokea. La mashindano nimebaki palepale.

Fuoni_Kibondeni

Mwalimu umeandika marefu juu ya lugha na kuupita ule mzigo wa pili kimyakimya. Tabia jee? Anasemwa alichelewa shughuli, watu wamekaa wanamsubiri. Akaulizwa na mwandishi kwa nini, akajibu kwa mkato na kugeuka. Huo nao ni uonevu tukiusema?

MwalimuWete

Hapana dada, si uonevu, na umefanya vyema kunirudisha. Akichelewa na kuwaweka watu, aambiwe, na wewe uliyekaa ukasubiri una haki ya kuudhika. Mwenye taji kapewa dhamana na watu waliomwamini. Kama aliwageuzia mgongo, hilo ni kosa, na Kiingereza cha mfalme wa Uingereza kisingelifuta.

Ninachokiomba ni mizani moja. Wanasiasa wangapi wanakuja mkutanoni saa tatu baada ya wakati, tumekaa juani na watoto, akifika tunampigia vigelegele? Na kuna jambo la pili. Huo "mkato" wa jibu mimi nimeurudia kuutazama. Swali la kuchelewa aliulizwa kwa Kiingereza, baada tu ya yale mababaiko, na nyuma ya kamera mtu anasikika akicheka. Mimi nasomesha wasichana, sura ile naiona kila wiki. Mtoto aliyechekwa mara moja, swali la pili hulijibu kwa neno moja na kutazama dirisha. Mgeni darasani atasema ana kiburi. Sina hakika kama ndivyo ilivyokuwa kwake. Ila wewe pia huna hakika kwamba ni kiburi, na hilo linatosha kutufanya tuuzuie ulimi.

Fuoni_Kibondeni

Hicho kicheko cha nyuma sikukisikia. Nitatazama tena.

Makunduchi_Kusini

Naongeza moja. Watu hawatafuti Kiingereza, wanatafuta kasoro. Mwaka 2007 Richa Adhia alipovishwa taji la Miss Tanzania, nani alilalamikia Kiingereza chake? Wakapata asili yake ya Kihindi, wakasema si Mtanzania wa kutuwakilisha. Mwengine angekuwa mweusi na Kiingereza kizuri, wangesema mfupi.

Na mfasaha si lazima awe na la maana. Miss Teen USA ya 2007, msichana wa South Carolina, Mmarekani wa kuzaliwa, aliulizwa kwa nini Wamarekani wengi hawaioni nchi yao kwenye ramani. Jibu lake lilizunguka Afrika Kusini na Iraki, na mpaka leo hakuna aliyelielewa. Kiingereza ni cha mama yake yule! Miss World 2000, Priyanka Chopra wa India aliulizwa ni mwanamke gani aliye hai anayemwona amefanikiwa zaidi, akamtaja Mama Teresa, aliyekuwa ameshafariki tangu 1997. Kiingereza kimenyooka, jibu limekosewa, taji akapewa. Sisi huku kwetu mtu akisema upuuzi kwa Kiingereza laini twamwita msomi.

BintChake

Mimi ndiye dada mtu aliyepelekewa kile kipande. Mwalimu hakukwambieni yote, na mimi nitasema. Sisi tulihamia Unguja mjini mimi nikiwa darasa la nne, yeye kidato cha kwanza. Mwambie asimulie alivyorudi siku ya kwanza.

MwalimuWete

Sikukusudia kulileta, lakini haya.

Siku ya kwanza katika skuli hiyo, mwalimu alitaka kila mgeni asimame ajitambulishe. Nilisimama nikazungumza kama tunavyozungumza kwetu Pemba. Nilisema *ntoto*, si *mtoto*. Mwalimu akaniambia nirudie. Nikadhani hakunisikia, nikarudia kwa sauti. Akanirudishia tena. Mara ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananisikia vizuri tangu mwanzo, na kwamba nimerejeshwa ili wenzangu wacheke zaidi. Muhula mzima sikunyanyua mkono. Niliitwa Ntoto mpaka kidato cha nne.

Hiyo haikuwa Kiingereza, jamani. Hiyo ilikuwa lugha yangu mimi, lugha ya bibi yangu, lugha iliyotumika kunibembelezea, na nilichekwa nayo na Waswahili wenzangu.

Nilipokuwa mkubwa, chuoni, ndipo nilipojua habari ya mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ukaamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita, lahaja ya Mombasa, na utajiri wake wote wa mashairi kikakaa pembeni. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia hicho sanifu kwa nchi zote za Afrika Mashariki, chini ya utawala wa Waingereza. Nilisoma ukurasa ule nikalia. Kumbe *mtoto* haikuishinda *ntoto* kwa uzuri wala kwa usahihi. Kuna watu walikaa kwenye viti wakachagua. Wangechagua Kipemba, siku ile angerejeshwa mwengine mara tatu.

Sikichukii Kiswahili sanifu, ndicho ninachokiandikia hapa. Lakini tangu siku hiyo nikisikia mtu anachekwa kwa namna anavyotamka, sikuwahi kucheka. Mpaka juzi. Ndiyo maana nimeuleta uzi huu, dada yangu, na ndiyo maana nilianza kwa kusema nilicheka.

Makunduchi_Kusini

Sisi wa Kikae, lahaja ya huku Makunduchi, tunaijua hiyo mwalimu, mjini tukifungua mdomo tu wanaulizana tumeshuka gari gani. Pole.

Kikwajuni_Juu

Mimi wa mjini, na nakiri utotoni nimewaita Wapemba majina. Hilo naliomba radhi hapahapa.

Lakini sijaachia hoja yangu. Nieleze, huyu mrembo afanyeje? Azungumze Kiswahili mbele ya dunia, nani atamsikiliza?

MwalimuWete

Radhi imepokelewa, kaka.

Ndiyo, azungumze Kiswahili, kwa nini asizungumze? UNESCO imekitengea siku yake, 7 Julai, tangu ilipopitisha azimio mwaka 2021. Umoja wa Afrika umekifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Wageni wanapanda ndege kutoka kwao wanakuja SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kulipia masomo ya Kiswahili. Wageni wanakilipia, sisi tunaona haya kumruhusu mwenyewe akizungumze bure.

Siti binti Saad alitoka Fumba, kazoea kufinyanga na kuuza vyungu, akaja mjini akaimba taarab kwa Kiswahili wakati ambapo taarab ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Walimcheka kwa sura yake na kwa kaniki yake, wakamtungia na maneno. Hakwenda kujifunza kujipamba. Aliwajibu kwa kuimba, kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafirishwa mpaka Bombay kurekodi. Mwaka uleule, kama mlivyoona, wakubwa walikuwa Mombasa wanapanga lugha yetu iandikwe vipi. Watu wamezinunua sahani zile za santuri Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo ukiniuliza nani atasikiliza, nina jibu, na jibu lenyewe ni mtu wa hapahapa kwetu aliyechekwa kabla ya huyu.

Lawama yangu mimi kubwa iko kwa wanaowaandaa hawa wasichana. Wanawapa viatu, nywele, mwendo, namna ya kushika mkono kiunoni. Hakuna anayemkalisha chini akamwambia: una haki ya kuomba mkalimani, hii hapa namna ya kuomba. Kama aliambiwa akakataa kwa kujivuna, nitakuja hapa kuandika. Siamini aliambiwa.

Fuoni_Kibondeni

Nimerudi kuitazama. Kicheko kipo, tena ni cha yule aliyeshika kamera. La kuchelewa nimebaki nalo, lakini la kiburi nalirudisha.

Sasa darasa lako jee? Umeanza na wale wasichana kisha umewaacha njiani.

MwalimuWete

Ahsante kwa kuuliza, nilikuwa nasubiri nimalize na yule msichana wa kwanza, sikumaliza.

Jana niliingia kidato cha tatu bila ya kitabu. Nikawaambia kwa Kiswahili, na mimi darasani kwangu Kiswahili huwa sikitumii, kwamba kile kipande nilikiona, nikacheka, nikakipeleka kwa mtu. Nikawaambia nimeshamwomba huyo mtu akifute, na kafuta. Wakanyamaza. Mvulana mmoja wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, tusicheke mtu akikosea?" Nikamwambia ajibu yeye mwenyewe, kisha nikamtaka asimame aeleze kwa Kiingereza alichokifanya tangu asubuhi. Alifika kwenye kunywa chai akakwama. Hakuna aliyecheka. Akakaa, sikumwongeza neno.

Mdahalo ni Jumatano. Nimemwandikia mwalimu mkuu kumwomba mada isomwe kwa lugha zote mbili na kila msemaji achague yake. Kasema kwa mara hii moja, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza, na hapo ana haki, mtihani siubadilishi mimi. Kati ya wale watatu, wawili wamerudi. Mmoja kachagua Kiingereza.

Yule wa kwanza alikuja baada ya kengele. Akaniuliza kama anaweza kuandika hotuba, akasomewa na mwengine. Nikamwambia hapana, asome mwenyewe kwa lugha anayoitaka, na mimi nitakaa benchi ya mbele. Aliiangalia karatasi ya majina iliyobandikwa mlangoni, akaondoka bila ya kunijibu. Nafasi ya kwanza nimeiacha tupu, sikumwandika mtu.